Asumini Haitoi Ua, Chozi Haji: Kusaka Kasoro kwenye Vichaka vya Maua Dar es Salaam

Masika yakikatika, maswali huanza kunijia, na kila mwaka ni yaleyale. Asumini imejaa majani matupu. Mndimu umeliwa. Mlangilangi ulionunuliwa kwa bei kubwa haunukii. Na lile linalonipa kazi kuliko yote: "Mbona vipepeo hawaji kwangu?" Hapa nimeyapanga kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, kisha zinafuata za nadra. Ukaguzi usiogharimu kitu unatangulia, jembe na dawa vinakuja baadaye, au visije kabisa.

Jambo moja kwanza. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa kwa ajili ya bustani za Amerika. Yule ndege mdogo anayesifiwa humo, anayesimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma, hayupo Afrika. Kwetu kazi ile inafanywa na chozi, ndege mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na madume mengi hung'aa juani kama yamepakwa mafuta. Chozi anaweza kuelea hewani kidogo, lakini anachopenda ni kutua kwenye kijiti, ashike vizuri, ndipo anywe. Tofauti hiyo inaeleza mambo mengi huko mbele.

MAJANI YAMELIWA

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jirani yangu mmoja wa Tabata aliniita asubuhi. "Dada, njoo uone, mndimu wangu umeingia ugonjwa wa kinyesi cha ndege." Bomba la kupulizia alikuwa amekwisha kulijaza. Nikainama kwenye jani. Kile kinyesi kilikuwa na miguu. Kilikuwa kahawia iliyokolea, na katikati kina baka jeupe, sawasawa na uchafu wa ndege uliokaukia jani. Nikakigusa kwa ncha ya kijiti, na kichwani pakachomoza vipembe viwili laini vya rangi ya machungwa, pakanuka harufu kali kama ya chungwa lililooza. "Mama, huyu ndiye kipepeo uliyekuwa unamtafuta," nikamwambia. "Hajaota mabawa tu."

Sababu ya kwanza basi ni viwavi wa vipepeo wenyewe. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anayeruka bila kutulia, hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya mndimu, mlimau na mchungwa. Kiwavi akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anageuka kijani. Kwa joto la Dar, kutoka yai hadi mabawa ni kama mwezi mmoja tu. Mti wenye kimo cha mtu hauwezi kufa kwa viwavi saba wala kumi. Mche wa kwenye kiriba unaweza kuvuliwa majani yote, na hapo suluhisho ni kumhamisha kiwavi pamoja na jani lake hadi kwenye mti mkubwa. Kama huna mti mkubwa, panda ndimu mbili: moja ya kwako, moja ya kwao. Mstafeli na mtopetope nao hulea vipepeo wa aina nyingine, na mpesheni vilevile.

Sababu ya pili ni konokono wakubwa, hasa wakati wa mvua. Toka saa tatu usiku na tochi utawaona. Waokote kwa mkono uliovaa glovu au mfuko, na unawe vizuri baada ya hapo.

Kama jani la waridi limekatwa pembeni nusu duara safi, kana kwamba mtu amepitisha mkasi, huyo ni nyuki mkata majani. Anachukua vipande akajengee kiota. Hali jani, anachavusha maua yako, na hahitaji kufanywa lolote.

Ukiona michirizi ya rangi ya fedha ndani ya jani changa la mndimu, kuna kibuu anachimba humo. Linaonekana baya, ila mti mkubwa unavumilia. Bana majani machache yaliyoathirika, basi.

Simama hapa: viwavi wenye manyoya usiwaguse kwa mkono mtupu. Wengine wanawasha vibaya mno. Manyoya yakiingia jichoni, au mtoto akianza kupumua kwa shida, usihangaike na tiba za nyumbani, nenda hospitali.

KICHAKA KIMENONA, MAUA HAKUNA

Anza na jua. Simama pale kilipo saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri. Asumini, mhina na iksora zinataka walau saa tano au sita za jua. Uwanja mwingi wa Dar ni kaukanda kembamba kati ya nyumba na ukuta wa uzio, na juu kuna mwembe wa jirani. Kama kivuli kinashinda, hakuna mbolea itakayokusaidia. Hamisha mche masika yakianza, au omba ruhusa ya kupunguza matawi ya mwembe.

Ya pili ni mkasi. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Mtunza bustani anayeunyoosha ua wako wa mimea kila Jumamosi uwe mraba kama tofali, anaondoka na vitumba vyote kabla havijaonekana. Pogoa mara moja, baada ya maua kuisha, kisha uache mkasi kabatini. Mhina nao una kisa chake: unaochumwa majani kila wiki kwa ajili ya kupaka hauwezi kukuonyesha maua. Tenga upande mmoja usioguswa, na utashangaa vile vishada vyake vidogo vya rangi ya maziwa vinavyonukia na kuita wadudu.

Ya tatu ni mbolea ya kukuza majani. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na samadi mbichi ya kuku nayo ni kali. Mmea ukilishwa hivyo unanenepa na kusahau kuzaa. Acha mbolea hiyo miezi miwili mitatu. Baada ya hapo mboji iliyoiva ndoo moja kwa kichaka, mara mbili kwa mwaka, inatosha.

Umri ni sababu ya mwisho. Mche uliotokana na kipandikizi cha juzi unahitaji muda. Usiuchimbuechimbue kuangalia mizizi.

MAUA YAPO, HARUFU HAKUNA

Mara nyingi ua halina kosa, saa ndiyo ina kosa. Asumini hufunguka jioni na kunukia usiku. Bibi yangu alikuwa akichuma vitumba kabla ya magharibi, vikiwa bado vimefumba na vimejaa, avifunge kikuba pamoja na mrehani na mkadi. Vilifungukia kifuani kwa mvaaji. Ukinusa saa saba mchana ukasema haunukii, umeuonea. Nusa saa mbili usiku, upepo ukiwa umetulia.

Kwa mlangilangi, tazama rangi. Ua lake likiwa kijani ni kama jani tu. Linakaa siku nyingi likining'inia hivyo, kisha linageuka manjano, na hapo ndipo harufu inapokuja.

Inawezekana pia uliuziwa kitu kingine. Kwenye vitalu vya kando ya barabara jina "asumini" hubandikwa mmea wowote wenye ua dogo jeupe, ikiwemo iksora nyeupe. Asumini ya vikuba kwa jina la kitaalamu ni Jasminum sambac: majani mapana ya mviringo yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, ua nene jeupe, mara nyingi la petali zilizorundikana. Dawa rahisi ni kununua mche uliokwisha kuchanua, na kuunusa jioni kabla ya kutoa hela. Kivuli na naitrojeni ya kupita kiasi navyo hupunguza harufu, na tiba yake nimeitaja hapo juu.

HARUFU IMEJAA UWANJANI, CHOZI NA VIPEPEO HAWAJI

Sababu kubwa: umepandia pua yako, hukupandia macho ya ndege. Chozi hafuati harufu, anafuata rangi na mbochi, yaani ule utamu wa majimaji ulio ndani ya ua. Nyekundu, rangi ya machungwa, maua marefu kama filimbi. Maua meupe yanayonukia usiku ni mwaliko wa nondo, na wanakuja kweli, wewe ukiwa umelala. Zima taa ya nje nusu saa, kaa kimya karibu na asumini, utaona nondo wanene wakielea mbele ya maua kama wale ndege wa Amerika.

Kwa hiyo changanya. Pembeni ya asumini weka hibiskasi nyekundu ya petali moja moja. Kuna ile yenye ua linaloning'inia, petali zimechanikachanika kama pindo za kanga iliyokongoka. Asili yake ni pwani hii hii ya Afrika Mashariki, na chozi wanaijua. Yale mahibiskasi ya petali nyingi kama kabichi yanapendeza kwenye picha, lakini njia ya kufikia mbochi imezibwa. Bogenvila nayo inawapotosha watu: ile zambarau inayowaka ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati. Kwa vipepeo, iksora na lantana huita sana, ila lantana inavamia ardhi haraka na ni sumu kwa mifugo, mimi siipandi.

Ya pili ni pa kutua. Kichaka laini kisicho na kijiti imara hakimfai chozi. Acha matawi mawili matatu makavu yachomoze, usiyakate kwa ajili ya unadhifu.

Ya tatu ni sumu, na naomba uisome hii kwa makini. Kama vipepeo walikuwa wanakuja wakakoma ghafla, jiulize nani amepuliza dawa ndani ya wiki mbili tatu zilizopita. Wewe? Fundi wa mende? Jirani, dhidi ya mbu? Dawa nyingine hufyonzwa na mmea mzima hadi kwenye mbochi. Soma kibandiko: ukikuta imidaklopridi, ua lako limekuwa kikombe cha sumu. Hata miche mipya huweza kutoka kitaluni imekwisha kunyunyiziwa, basi uliza. Na chozi hali mbochi peke yake. Makinda yake hulishwa wadudu na buibui, na kiota chake, kile kifuko kinachoning'inia kwenye kijitawi, kimefungwa kwa utando wa buibui. Uwanja usio na buibui hata mmoja hauwezi kulea chozi.

Ya nne ni sisimizi waitwao maji moto. Hao wadudu wekundu wanaoshona majani kuwa mpira huwinda viwavi, na hawaachi kipepeo atulie. Usiwachome moto wala usiwamwagie mafuta ya taa, utaua mti. Panda mimea ya vipepeo upande mwingine wa uwanja, na ukate matawi yanayogusana, maana hayo ndiyo madaraja yao.

Wengine hutundika chupa ya maji ya sukari. Kwa joto letu yanachacha mapema, na sisimizi wanafika kabla ya ndege. Ukishikilia, changanya sukari kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, bila rangi na bila asali, ukaoshe chupa na kubadilisha kila siku. Mimi nakushauri upande kichaka kimoja zaidi. Vipepeo, kwa upande wao, hupenda kunyonya chumvichumvi kwenye tope. Weka mchanga kwenye sinia kuukuu, changanya na samadi kidogo, uloweshe uwe na unyevu tu. Maji yasisimame juu yake: Dar ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji kidogo kama hayo ya visahani vya vyungu.

MAJANI YA MANJANO, AU KINGO ZIMEUNGUA

Kama ncha na kingo za majani zimekauka kahawia, shuku maji ya kisima. Kigamboni, Mbezi Beach, Msasani, visima vingi vina chumvi. Onja. Kisha weka maji kwenye sahani nyeusi juani hadi yakauke. Yakiacha ukoko mweupe, umepata jibu. Ukoko huohuo utauona juu ya udongo wa chungu. Tiba: kinga maji ya mvua, au tumia ya bomba kwa mimea dhaifu kama gadenia. Chungu kimwagie maji baridi yasiyo na chumvi mengi kwa mara moja, yapite yatoke chini, uoshe chumvi. Mwagilia kwa kina kila baada ya siku chache badala ya kidogokidogo kila siku. Ikiwa huna maji mengine, badilisha mimea. Bogenvila itakuvumilia.

Kama jani jipya ni la manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa chuma, si kwa kuwa ardhini hakipo bali kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Ardhi ya matumbawe iko hivyo. Na ukutani kwako je? Chimba kiganja kimoja. Ninakuta vipande vya saruji, kokoto na chokaa ambavyo mafundi walifukia walipomaliza ujenzi. Toa kifusi hicho shimo la sentimita 60 kila upande, jaza udongo mwekundu na mboji nusu kwa nusu, upande upya.

Majani mazee ya chini kugeuka manjano na kudondoka mawili matatu ni uzee tu.

KIMENYAUKA GHAFLA

Usikimbilie mpira wa maji. Zamisha kidole hadi kifundo cha pili. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia jioni na asubuhi utakikuta kimesimama. Udongo ukiwa umelowa na mmea bado umelala, mizizi inaoza, na maji zaidi ni kuumaliza.

Kwenye vyungu, kosa huwa ni tundu. Ile ndoo ya rangi ya lita 20 inayotumika Dar nzima ilitobolewa? Tundu halijaziba? Inua uangalie. Ardhini, masika ya Machi hadi Mei huacha mabonde yamelowa majuma mengi. Ng'oa taratibu, nusa mizizi: mzima ni mweupe na mgumu, uliooza ni mweusi, unachubuka na kunuka. Kata ulioharibika kwa kisu safi, punguza theluthi ya matawi, pandikiza juu ya tuta lililoinuka kama sentimita 30.

Kama shina limezungukwa na udongo mkavu uliojengwa, ni mchwa. Sogeza matandazo ya nyasi mbali na shina kwa upana wa kiganja, vunja vichuguu vyao, mwagilia. Kama mizizi ina vinundu vingi kama shanga, ni minyoo fundo. Mmea huo uchome, usipande mwingine wa aina hiyo hapo, na udongo wake usiuhamishie kwingine.

Simama hapa: vichaka vitatu au zaidi vikinyauka kwa mfululizo, au vya majirani navyo vikianza, muite afisa kilimo wa kata. Mpe mmea wenye mizizi, si picha ya jani. Usianze kujaribu dawa moja baada ya nyingine.

UNGA MWEUPE, MASIZI MEUSI, SISIMIZI JUU CHINI

Yote matatu ni kisa kimoja. Ule unga kama pamba ni vidung'ata. Wananyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi wanayafuata na kuwalinda. Ukungu mweusi unaota juu yake. Hibiskasi huathirika zaidi. Kwanza, mpira wa maji wenye nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo. Pili, kata ncha zilizokunjamana uzifunge kwenye mfuko. Tatu, sabuni ya maji kijiko cha chai kwa lita moja, jioni, chini ya majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache usubiri siku moja. Kagua viwavi kabla, uwaondoe, maana sabuni na mwarobaini haviwachagui. Masizi yatajifuta vidung'ata wakiisha.

Ukifika hatua ya dawa ya dukani, nunua kwenye duka la pembejeo iliyo na kibandiko kinachosomeka, kamwe si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtu akishatokwa na mate mengi, kutapika, mboni kusinyaa au kutetemeka baada ya kupuliza, mvue nguo zilizolowa, muoshe, mpeleke hospitali sasa hivi pamoja na kopo la dawa.

VITUMBA VINADONDOKA

Karibu kila mara ni maji yasiyo na mpangilio: siku nne hakuna, siku ya tano mafuriko. Joto la Januari na Februari huongeza. Gadenia hudondosha hata kwa kuhamishwa tu chungu. Kiache palepale.

CHOZI ANAPIGA KIOO CHA GARI

Si wazimu. Dume limeona dume lingine kwenye kioo, na linalinda vichaka vyako. Funika vioo vya pembeni kwa soksi kuukuu unapoegesha. Dirishani, pazia la nje au karatasi kwa wiki chache zinatosha.

NATAKA KUPOGOA LAKINI KUNA KIOTA

Acha mkasi. Tazama kwa mbali, asubuhi na jioni. Jike likiingia na kutoka na kitu mdomoni, ndani kuna makinda. Tangu mayai hadi makinda kuruka ni kama mwezi na siku chache. Kiota kikikaa wiki nzima bila anayeingia, ndipo uendelee, na tawi lile ulibakize. Mlangilangi uliofika kwenye nyaya za umeme hauupogoi wewe, wala kijana wa bustani mwenye panga na ngazi ya chuma, taarifu TANESCO. Ukikuta nyuki wamejenga humo, muite mrina asali. Olianda ukiikata, vaa glovu na miwani, na vijiti vyake usivichome wala usivitumie kama mishikaki: kila sehemu yake ni sumu.